Sukari Iliyopotea kwa Papa Muhindo

Habari ya kifo cha Papa Muhindo ilinikuta nikibishana bei ya betri ya kompyuta, na sikuacha kubishana. Nilimwomba muuzaji angoje, nikasikiliza simu mpaka mwisho, nikatoa pole, kisha nikarudi kwenye betri na kuichukua kwa bei niliyoitaka tangu asubuhi. Marehemu angenielewa. Angenicheka kaburini kama ningelipa bei ya kwanza kwa sababu ya kumlilia. Alasiri nilikwenda kwenye matanga, mtaa wa Kabondo hapa Kisangani, nikakuta turubai limetandwa, kwaya ya parokia inajaribu sauti, na viti vya plastiki ambavyo nilivihesabu mara mbili kwa mazoea, nikaona havitatosha. Nikawahi kimoja. Kando yangu walikaa vijana watatu waandishi wa programu, ambao nusu ya wanachokijua nimewafundisha mimi na nusu nyingine wananificha. Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, kama inavyostahili msibani. Mmoja alisema mitandao yenye mwenyewe mmoja imekwisha, sasa kila kitu kiwe bila kitovu. Wa pili akasema kitu kisicho na kitovu hakina pia mtu wa kumpelekea malalamiko. Wa tatu alikuwa anasifu chombo kipya kinachomwandikia msimbo huku yeye anakula. "Mama Mado," wakaniuliza, "weye unasema nini?" Nikawaambia nitajibu chai ikifika. Chai haikufika, kwa sababu kwenye matanga ya mfanyabiashara aliyeuza sukari maisha yake yote, sukari ilikuwa imekwisha. Basi nikakaa na swali lao, na mwaka mmoja wa zamani ukaja kuketi pamoja nami.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinilipia shule. Hayo hayana mnunuzi. Nianze na chumba. Kilikuwa nyuma ya depo ya Papa Muhindo, upande wa kuelekea Simi-Simi, chumba kilichokuwa stoo ya sabuni kabla yetu, na harufu ya sabuni haikuwahi kukubali kuhama. Tulifanya kazi ndani ya usafi ambao hatukuwa nao. Kulikuwa na meza moja ndefu ya mbao nyekundu, mashine tatu za kompyuta, mbili za kufanya kazi na moja tuliyoila vipuri kidogo kidogo kama nyama ya sikukuu, na dirisha lililotazama uani, mahali baiskeli za toleka zilipokuja kushusha abiria na kupakia mizigo. Ukuta uliotutenga na duka ulikuwa wa mbao zilizopishana vibaya. Hatukuona kitu kupitia mianya ile, lakini tulisikia kila neno: salamu, bei ya kwanza, kicheko cha dharau, bei ya pili, kopo likikwangua ndani ya gunia, "ongeza basi," "nimekwisha kuongeza," mlango. Kutwa nzima, siku zote isipokuwa Jumapili. Mwanzoni kelele ile ilinipendeza kwa sababu mimi mwenyewe nilikulia kwenye kuuza na kununua. Baada ya mwezi sikuisikia tena. Nataka msomaji akumbuke hilo la kutoisikia, maana litarudi.

Chumba kile nilikipata kwa mdomo wangu. Mwenzangu Amisi hakuwa na mdomo. Alikuwa na kichwa. Ukoo wake ni wa Waislamu wa siku nyingi wa mji huu, washonaji tangu mababu, naye aliandika programu kama wao walivyoshona: kwa kufumua na kurudia mpaka mshono usionekane. Nilimwacha nje nikaingia kwa Papa Muhindo peke yangu. Alikuwa Mnande mpana, mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye kalamu sikioni ambayo sikuwahi kuiona ikiandika.

"Mutanipa nini?" akauliza.

"Programu ya kuhesabu depo yako yote, papa. Kila gunia, kila kopo."

"Na munataka chumba bure?"

"Chumba, courant ya jenereta yako, na chakula ya muchana."

"Chakula? Miye niko hoteli?"

"Papa, mutu mwenye njaa anahesabu vibaya. Na atakuhesabia weye."

Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Alipomaliza kucheka akaweka sharti lake, na hilo halikuwa la kucheka. "Bon. Lakini jirani zangu basiione. Siku nitaiona kwa mtaa ya Mangobo ao kwa soko kubwa, munabeba mashini zenu, munatoka." Nikakubali kwa haraka, jambo ambalo sifanyi mara nyingi. Nilipomweleza Amisi, sharti halikumpendeza, akafagia maganda ya sabuni kwa nguvu. Vyombo vyake vyote, aliniambia baadaye, vilikuwa vya wazi: mfumo wa mashine, kihariri cha kuandikia, kila kitu kilikuwa kwenye diski moja iliyokwaruzika, aliyopewa na mwanafunzi aliyetoka Kampala.

"Alikuuzia ngapi?" nikamuuliza.

"Bure."

"Bure? Iko na kasoro gani?"

"Haina kasoro, Mado. Batu bameiandika, bameiacha wazi. Kila mutu anaifungua, anaangalia ndani, anatengeneza, anapatia wengine."

"Batu gani?"

"Sibajui. Bao pia habajuane."

"Amisi, ndeko yangu, kitu chenye mwenyewe hajulikani, inatembea mikono kwa mikono, haina bei. Sokoni tuko na jina ya kitu kama ile, na polisi banaijua."

Hakukasirika. Alinifungulia faili moja ya mfumo ule na kunionyesha maneno ambayo mtu fulani, mahali fulani, aliandika ili anayekuja nyuma aelewe kwa nini mstari ule uko vile. Nilitazama kwa muda mrefu. Muuzaji anayekufungulia gunia mpaka chini ili uone hakuna mawe, hata hujamwambia utanunua: mtu wa namna hiyo sikuwa nimekutana naye. Nilianza kumheshimu, nikazidi pia kumshuku.

Tuliiita programu yetu Mizani. Papa Muhindo alikuwa na depo hii ya Kabondo, iliyouza kwa gunia na kwa kopo, na depo nyingine ng'ambo ya mto, iliyouza magunia tu. Wakati ule umeme ulikuja kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, kesho kutwa hakuna. Kwa hiyo ungeweka mashine moja kubwa ya kati mahali popote Kisangani, ingekuwa gizani wakati wengine wana taa. Amisi hakusoma nadharia yoyote ya mifumo isiyo na kitovu. Alisoma zamu za umeme. Akaifanya kila mashine ibebe hesabu yote, yake na ya mwenzake, na mabadiliko yasafiri kwenye flashi iliyofungwa nailoni, shingoni mwa mtu wa toleka, mpaka kivukoni na ng'ambo. Flashi ikifika, mashine mbili zinaambiana: mimi nina hiki, wewe huna, wewe una kile, nipe. Zikipingana, zinauliza mtu. Leo vijana wananieleza jambo hilo kwa michoro yenye mishale na mimi natikisa kichwa kwa adabu, nikiona jasho la mwendesha baiskeli.

Papa Muhindo alitaka jambo moja zaidi. Upungufu ukitokea, jina la aliyekuwa kwenye kaunta litokee kando yake, kwa rangi nyekundu. Amisi alilifanya asubuhi moja kabla ya chai. Lilikuwa jepesi sana kuandika.

Kaunta ya Kabondo ilikuwa ya Kavira, binti yake. Alinizidi urefu, nilimzidi umri kidogo, akaniita Ya Mado kama dada mkubwa. Yeye ndiye aliyetuletea chakula cha mchana: lituma, ndizi zilizopondwa mpaka zikasahau kwamba zilikuwa ndizi, na juu yake samaki mboto wa moshi kwenye mchuzi mwekundu, katika sufuria iliyofunikwa na sahani. Alikaa nasi dakika chache juu ya boksi la sabuni, akamtania Amisi. "Amisi, ile mashini yako inajua kupika?" "Haijui." "Alors inakusaidia na nini?" Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani tangu siku hizo, na mara zote nimetafuta chini ya sahani ladha ya lituma ile, sikuipata, nikapunguza bakshishi.

Mizani ilipoanza kazi, Papa Muhindo alitembea kama mtu aliyenunua gari. Aliwaita wageni kuja kuona skrini, ila si majirani. Kisha juma la pili ikaonyesha sukari imepungua. Chumvi pia, mchele pia, maharage pia. Kila mahali palipopungua, kando yake, kwa nyekundu: Kavira. Juma la tatu vile vile. Papa Muhindo aliamua kupima kwa mikono, akitumaini mashine imekosea, nami niliona alivyotumaini. Alitoa kila gunia, akalipima, na mikono yake ikakubaliana na skrini. Sukari haikuwapo kweli. Ng'ambo, kwenye depo ya magunia, hakuna kilichopungua hata kidogo.

Tulisikia yote kupitia mbao.

"Sukari inaenda wapi, Kavira?"

"Papa, sijui."

"Miye nimekuwa na hii duka mbele uzaliwe. Sikujua hata siku moja niko naibiwa. Sasa mashini inaniambia."

"Papa, nimeibia nani? Nalala kwako, nakula kwako!"

"Mashini haina ndugu, Kavira. Haina ndugu."

Kisha baba akasema kwamba njia ikikauka, kwenye lori la kwanza, Kavira ataenda Butembo kwa tonton, mjomba wake, akasaidie jikoni, si dukani. Mtu asiyejua familia za biashara anaweza kuona ni safari tu. Kwao ilikuwa hukumu. Msichana aliyeondolewa kaunta na baba yake mwenyewe hapewi kaunta na mtu mwingine yeyote, wala hashiki ufunguo wa nyumba ya mume bila kuulizwa ameupataje. Mchana ule Kavira alileta sufuria kama kawaida. Macho yalikuwa yamevimba. Alinipakulia, akanitazama, akaongeza kipande kingine cha samaki juu ya sahani yangu bila kuombwa.

"Ya Mado, mashini yenu inaweza kusema uongo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Amisi, ambaye hakujua kudanganya hata kwa upole, akasema, "Haisemi uongo. Inasema kile tumeiambia."

"Alors miye ndiyo mwizi," akasema, akafunika sufuria.

Amisi aliacha kula. Alisoma msimbo wote tangu mstari wa kwanza, akausoma tena kuanzia chini, maana nilimwambia vitu vihesabiwe mara mbili. Hakukuta kosa. Gunia linaingia, linatoa makopo kadhaa, tuliyoyapima wenyewe na Papa Muhindo kwa kopo lake, tukisawazisha juu kwa rula. Kopo likiuzwa linatolewa kwenye hesabu. Safi. "Ni macho yangu tu," akasema mwishoni, akiyasugua. "Macho yenye kuandika kosa haiwezi kuliona. Tunahitaji kaunta zingine. Duka zingine zitumie Mizani. Kama kwao sukari iko sawa, basi Kavira..." Hakumaliza. "Kama kwao pia inapungua, kosa ni yetu."

"Na tukipatia duka zingine, chumba kinakwenda."

"Kinakwenda."

Nilitazama meza, dirisha, waya wa jenereta, boksi la sabuni ambalo Kavira alikaa. Nikajumlisha tutakachopoteza, nikajumlisha tena, na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba hatuna mahali pengine. Sikuwa mtu wa kutoa kitu pasipo kupokea. Lakini nilikuwa nimekula samaki yule wa pili. "Nakili," nikamwambia Amisi. "Nakili flashi zote tulizo nazo."

Ugumu ulianza pale nilipodhani ndipo urahisi ulipo. Tulikwenda Mangobo kwa Mama Anto, aliyeuza mchele, sukari na chumvi katika duka lake mwenyewe, bila msaidizi, na ambaye mwanawe alimletea kompyuta ya mitumba. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua.

"Mama, tumekuletea programu ya kuhesabu duka," akaanza Amisi. "Ni bure."

"Bure?" Akarudi nyuma kana kwamba amemtolea nyoka. "Mutoke nayo. Nani anabatuma? Munatafuta kujua vile niko nauza?"

Amisi akaanza kumweleza uhuru wa kufungua na kutazama ndani. Nikamkanyaga mguu. Nilikuwa nimeelewa kosa letu, maana lingekuwa langu pia: kitu kisicho na bei huwezi kukishusha bei, na usichoweza kukishusha bei huwezi kukiamini.

"Mama, huyu ni mutoto, hajui biashara," nikasema. "Bei yake ni mbuzi."

Uso wake ukafunguka. Sasa tulikuwa watu. "Mbuzi! Kwa kitu sishiki, sioni?"

"Bon, kuku mbili."

"Hata yai sitoi."

"Mama unaniua. Basi sikia ya mwisho. Kila juma, lalamiko moja. Unaitumia, unaniambia kile kinakuudhi ndani yake. Lalamiko moja kamili, na usinipunguzie."

Akanitazama kwa makini akitafuta mtego. "Lalamiko tu?"

"Moja kila juma."

"Nitakupa mbili," akasema haraka, kabla sijabadili mawazo.

Hivyo ndivyo nilivyoiuza Mizani mjini Kisangani. Amisi alikuwa na karatasi ndefu ya leseni kwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Mimi nilikuwa na bei ya lalamiko, na wafanyabiashara wa mji huu hawajawahi kukosa akiba ya malipo ya namna hiyo. Katika maduka machache yenye mashine, hakuna aliyekataa tena. Flashi zikaondoka asubuhi na watu wa toleka, zikarudi na hesabu, na pamoja nazo malipo yetu, yaliyosemwa kwa mdomo dirishani na mwendesha baiskeli aliyefurahia kila neno. "Yule wa soko kubwa anasema herufi ni kidogo kama chawa." "Wa karibu na parokia anasema inalala sana." Na siku moja Mama Anto hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, akateremka kwenye toleka, akasimama dirishani na mikono kiunoni.

"Muko na wazimu? Nafungua mashini: sukari imepungua, Anto. Muchele, Anto. Chumvi, Anto, Anto, na rangi ya damu! Duka ni yangu. Kufuli ni yangu. Niko peke yangu kutoka asubuhi. Sasa nimejiibia miye mwenyewe?"

Sijawahi kulipwa vizuri kama siku ile. Amisi alimshika mikono yote miwili, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akamshukuru mpaka yule mama akaanza kuogopa. Maduka mengine yalisema vile vile: kinachouzwa kwa kopo kinapungua, kinachouzwa kwa kipande au kwa gunia hakipungui. Kosa lilikuwa letu. Lakini lilikuwa wapi? Mama Anto akaondoka. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha, feni imesimama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikausikia ukuta.

Kopo likakwangua. Sukari ikaingia mfukoni. Sauti ya mwanamke mteja: "Na matabishi, ma fille?" Kisha sauti ya Kavira ikicheka kidogo, na baada yake sauti nyepesi, laini, kama mtu anapuliza vumbi: kiganja cha sukari kikianguka juu ya sukari.

Amisi alinitazama. Mimi nilitazama mikono yangu. Tangu nijue kutembea sikuwahi kuondoka kwenye kaunta ya mtu bila matabishi, kile kiganja cha juu ambacho muuzaji anakuongezea baada ya bei, ili urudi kesho. Kila mtu anaomba, kila mtu anapewa, hakuna anayekihesabu, kwa sababu kukihesabu ni uchoyo. Tulikuwa tumeandika programu ya mji ambao watu wanauziana makopo yaliyosawazishwa kwa rula. Mwizi alikuwa mji mzima, na mimi mstari wa mbele.

Tulikwenda kwa Papa Muhindo siku hiyo hiyo, mchana, duka likiwa na watu. Nilimwomba aniuzie kopo moja la sukari kwa mkono wake. Alidhani ni utani, akaingia nyuma ya kaunta. Kavira akasimama kando na kitambaa mkononi. Nilibishana bei na baba yake kwa dhati, kwa sababu mikono inakumbuka kazi pale tu mdomo ukiwa na kazi. Akachota, kopo likawa na mlima juu, akalimimina. Nikasema, "Na matabishi, papa?" Akaendelea kunilalamikia bei, mkono wake ukaingia gunia, ukatoka, ukaangusha kiganja, na mdomo haukukatika hata neno moja. Hakujua amefanya hivyo. Amisi akauweka mfuko wangu juu ya mizani ya depo, kando yake kopo moja lililosawazishwa. Papa Muhindo alitazama sindano. Akautazama mkono wake, ndani na nje, kama kitu alichoazimwa.

"Kwa Mama Anto wa Mangobo iko vile vile," nikasema. "Na kwa wengine."

Nilijua ninachokitoa nilipotoa jina lile. Papa Muhindo akavua kalamu sikioni na kuirudisha.

"Donc mumeipeleka Mangobo."

"Tumeipeleka, papa."

"Tulisema nini?"

"Tulisema tunatoka."

Hakumtazama Kavira. Alitazama mlango wa chumba chetu. "Kavira anabaki kwa kaunta," akasema. "Ninyi munatoka." Akaenda zake kwenye magunia. Hakuna neno la pole, wala kwetu wala kwa binti yake, na nililingojea siku nyingi. Lakini mapatano yalikuwa mapatano: chumba kwa mtu. Nimeyahesabu mara mbili tangu siku hiyo, na zaidi ya mara mbili, nikaona nilinunua rahisi. Tulibeba mashine zetu juu ya baiskeli tatu, na ile ya vipuri tuliiacha. Kavira alitufungia lituma kwenye majani kwa ajili ya njia, ingawa njia ilikuwa fupi.

Amisi aliongeza kitufe cha matabishi wiki ile ile, kwenye meza ya kuazima kwa washonaji wa kwao. Baadaye alikwenda Kampala, na huko yuko hadi leo, mzee mwenye miwani miwili, tunaandikiana kuhusu Mizani kama watu wengine wanavyoandikiana kuhusu wajukuu. Programu ilitembea bila kutuomba ruhusa. Kule Yahuma mtu alibadilisha kopo likawa kikapu. Mahali pengine waliweka Kilingala kizuri kuliko changu. Mabadiliko yanakuja na flashi, siku hizi na mtandao pia, mengine yana jina, mengine hayana, na mimi nayasoma, nayapima, nayapokea au nayarudisha. Miaka mingi iliyopita likaja moja lisilo na jina, dogo, mistari michache imefutwa tu: upungufu ukitokea, jina la mtu halionekani tena. Nililipokea siku hiyo hiyo, nikikasirika kwamba hatukulifikiria sisi. Niliamini ni la Mama Anto. Nani mwingine alikuwa na sababu?

Hayo nilikuwa nayafikiri kwenye kiti cha plastiki, na vijana bado wananingoja. Jibu langu lilikuwa tayari. Yule wa bila kitovu ningemwambia kitovu si dhambi, ila aulize umeme ukikatika pale, nani atabaki na nini mkononi. Yule wa malalamiko ningemwambia ana akili, aende akayakusanye. Na yule ambaye chombo kinamwandikia huku anakula ningemwuliza kama, anapokula, anasikia ukuta. Lakini Kavira alinigusa bega. Sasa ni mama mzito, mwenye kitambaa cha msiba kichwani na funguo za duka kiunoni.

"Ya Mado, sukari ya chai imeisha. Kuja tufungue, unisaidie kubeba."

Duka halikubadilika sana. Mbao za ukuta ni zile zile, na nyuma yake wamerudisha sabuni. Aliwasha mashine, Mizani ikafunguka. Nikaona upungufu wa mchele wa juma lile, na kando yake hakuna kitu.

"Hii ya kuondoa majina," nikamwambia, "ni kazi nzuri. Sikujua ni ya nani."

Kavira alikuwa anafungua gunia. "Ni ya Papa."

"Papa alijua kuandika programu?"

"Papa? Alimuita fundi wa simu, akamukalisha hapa asubuhi muzima, akasimama nyuma yake. Akamuambia: mashini ihesabu sukari, batu nitahesabu miye. Kisha akaipatia mutu wa toleka, akasema, gawia bote, hata ya Mangobo, lakini usiseme imetoka wapi." Akachota kopo la kwanza. "Alinilalamikia bei ya yule fundi mwaka muzima."

"Alikuambia pole, hata siku moja?"

Akacheka, cheko lile lile la nyuma ya mbao. "Pole ni ya bure, Ya Mado. Unamujua Papa. Kitu ya bure hakukiamini."

Tukajaza mfuko, kopo kwa kopo. Nilitoa mkoba, akakataa, nikasisitiza, akakataa, tukabishana kama inavyopaswa, nikashinda, nikalipa. Nikachukua mfuko, nikafika mlangoni, nikageuka.

"Na matabishi?"

"Ni ya msiba, Ya Mado! Ni ya chai ya Papa yangu!"

"Ndiyo sababu."

Akanitazama, macho yakajaa, mkono ukaingia gunia. Nikarudi, nikausogeza mfuko chini ya kiganja chake, nikainamisha kichwa nisikie vizuri. Kisha kwa mkono mwingine akabonyeza kitufe cha matabishi, na mashine ikaihesabu sukari.